Ushahidi wa Saisi: Sauti, Tabaka na Kifo chenye Shaka katika Riwaya ya For Kicks ya Dick Francis

Ikisiri

Riwaya ya For Kicks (1965) ya Mwingereza Dick Francis husomwa zaidi kama kisa cha taharuki kuhusu mbio za farasi. Makala haya yanaisoma kama riwaya ya lugha. Yanadai kwamba msuko wake, kuanzia kifo cha mwanahabari aliyekuwa akiuliza maswali hadi siri ya filimbi isiyosikika na binadamu, umejengwa juu ya swali moja: neno la nani husikilizwa, na neno la nani husikika bila kuaminiwa? Yanaonyesha pia mahali ambapo mtunzi analikwepa swali lake mwenyewe, na mtihani ambao swali hilo linampa yeyote atakayetaka kuifasiri riwaya hii kwa Kiswahili.

Utangulizi

Katika vikao vyetu vya kitaaluma riwaya ya upelelezi hukaribishwa ukumbini, lakini mara chache huketishwa safu ya mbele. Tumezoea kuigawa bunilizi ya Kiswahili katika riwaya dhati na riwaya pendwa, kisha kuiachia ile ya pili iwe mali ya wauza magazeti na wasafiri wa mabasi. Chache hupenya. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960) hufundishwa, pengine kwa sababu Kiswahili chake cha Unguja hakina mpinzani. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965) hutajwa katika historia ya utanzu kuliko inavyosomwa. Mwaka huohuo wa 1965 ilichapishwa London riwaya ninayoijadili hapa, nayo huko kwao imepata hatima isiyo tofauti sana: imesomwa na watu wengi mno na kuhakikiwa na wachache mno.

Naileta riwaya ya Kiingereza mbele ya kongamano la Kiswahili kwa sababu mpelelezi wake hajifichi kwa ndevu za bandia wala kwa pasipoti ya kughushi. Anajificha kwa kubadilisha namna anavyosema. Hilo ni jambo la kwetu sisi wanaisimu kabla halijawa la wapenzi wa farasi, na linawahusu pia wale wanaozishauri serikali juu ya lugha za mahakama na za ofisi za umma.

Mtunzi na kisa chake

Dick Francis (1920–2010) alipanda farasi kabla hajashika kalamu. Katika msimu wa 1953–54 alikuwa bingwa wa wapandaji wa mbio za kuruka viunzi nchini Uingereza. Mwaka 1956, akiwa juu ya Devon Loch, farasi wa mama yake Malkia Elizabeth II, alikaribia kushinda mbio za Grand National. Hatua chache kabla ya mstari wa mwisho farasi huyo akaporomoka ghafla bila ya kugusa kitu. Sababu imebishaniwa tangu siku hiyo. Francis mwenyewe aliamini kwamba kelele za umati ndizo zilizomshtua mnyama. Sipendi kuisoma kazi ya sanaa kama tawasifu iliyofunikwa shuka, na sitaufanya mkasa huo ufunguo wa riwaya. Hata hivyo msomaji akifika mwisho wa For Kicks na kugundua kwamba siri yote ilikuwa ni sauti inayomfikia farasi karibu na mwisho wa mbio, ni vigumu asimkumbuke Devon Loch.

Kisa ni hiki. Katika kipindi kifupi farasi kadhaa wa daraja la kawaida wameshinda mbio kwa namna isiyoelezeka. Wote wameonekana wamechacharika kama waliotiliwa dawa, na wote wamepimwa wakakutwa hawana dawa yoyote mwilini. Wasimamizi wa mbio wanamtuma mwanahabari mmoja, Tommy Stapleton, akachunguze. Anakufa katika ajali ya gari, ajali ambayo hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba haikuwa ajali. Mmoja wa wasimamizi hao, lodi aitwaye Earl of October, anasafiri hadi Australia na kumkuta Daniel Roke, kijana wa miaka 27 mwenye shamba la kuzalishia farasi, aliyewalea wadogo zake tangu wazazi wao walipokufa. October anamwomba aende Uingereza ajifanye saisi, yaani mtunza farasi wa kuajiriwa, tena saisi mwenye sura ya kununulika, ili wahalifu wamfuate wenyewe. Roke anakubali. Anasema ni kwa ajili ya fedha, ila msomaji anaona mapema kwamba amechoshwa na maisha ya wajibu mtupu.

Stapleton ndiye marehemu wa riwaya hii, na inafaa tumtazame kidogo, kwa kuwa wahakiki wa utanzu huu huwasahau maiti wao haraka. Hatumwoni akiwa hai. Hana hata mazungumzo ya kukumbukwa. Tunachojua ni kwamba kuuliza ndiyo iliyokuwa kazi yake, na kwamba alikwenda kuuliza kwa jina lake na kwa cheo chake. Alikuwa na kila haki ya kusema ambayo jamii ile iliweza kumpa: elimu, gazeti, na baraka za wakubwa. Haki hiyo ndiyo iliyomuua, maana aliyehojiwa alijua mara moja kwamba anahojiwa. Roke anatumwa kwenye nafasi ya mtu asiye na haki hiyo. Saisi haulizi, anaulizwa. Hapo ndipo riwaya inapoanzia kwa kweli, na ndipo inapoachana na mapokeo ya mpelelezi anayewakusanya watu sebuleni.

Lafudhi kama vazi

Kabla ya kuingia kazini Roke anavishwa. Mtumishi wa October anamsaidia kupata nguo zinazomfaa kijana wa mtaani, naye anafuga nywele za mashavuni kama ilivyokuwa mtindo wa vijana wa wakati ule. Lakini nguo huvuliwa usiku. Kinachomlinda mchana kutwa ni matamshi. Kiingereza cha shule nzuri aliyosoma kinawekwa kando, na badala yake anatumia lafudhi ya Kiaustralia iliyokolezwa umtaani, ya mtu aliyeacha shule mapema. Uteuzi huu wa mtunzi ni wa busara. Uingereza ya miaka ya 1960 ilikuwa na masikio makali sana kwa tabaka; mtu alipofungua kinywa tu, wenzake walijua baba yake alifanya kazi gani. Mwingereza angeshindwa kuigiza tabaka la chini kwa miezi mingi mbele ya watu wa tabaka hilo wenyewe. Mwaustralia anasameheka. Kila kosa la matamshi linahesabiwa kuwa ni la ugeni.

Sasa tazama namna masimulizi yalivyopangwa. Riwaya inasimuliwa kwa nafsi ya kwanza, na msimulizi ni Roke mwenyewe. Sauti inayotusimulia ni ile ya mwenye shamba: sentensi zake zimenyooka, msamiati wake ni wa mtu aliyesoma, kejeli yake ni ya utulivu. Sauti inayosikika ndani ya mabanda ya farasi ni nyingine: fupi, ya kubinya maneno, ya kukwepa. Katika ukurasa mmoja tunazisikia zote mbili, moja ikiwa ndani ya alama za usemi na nyingine nje yake. Matokeo ni kwamba sisi wasomaji hatudanganywi hata mara moja. Tunajua daima kwamba huyu si saisi. Tunawekwa upande wa October, upande wa waliomtuma, na starehe yetu kubwa ni kuwaona wengine wakikosa kujua tunachokijua.

Starehe hiyo ina gharama. Anapotukanwa tunaudhika kwa sababu hastahili. Je, saisi wa kweli aliye kitanda cha pili anastahili? Riwaya inatusukuma karibu sana na swali hili, na sina hakika kama mtunzi alikusudia kutufikisha mbali kiasi hicho.

Kuna njia moja tu ambayo sauti ya kwanza ya Roke inapenyeza nje ya masimulizi: barua. Anapokuwa kazini anaandikiana na Kanali Beckett, msimamizi mwingine wa mbio. Juu ya karatasi hana lafudhi. Beckett anamwamini kupitia maandishi kwa urahisi ambao hakuna anayempa ana kwa ana. Anayetafuta mfano wa mamlaka ya maandishi dhidi ya udhaifu wa sauti ataupata hapa bila ya kuhitaji nadharia nyingi.

Mnyanyaso kama mpango

Sehemu nzito zaidi ya riwaya ni ile inayomhamisha Roke kutoka banda jema la mwanzo hadi kwa Hedley Humber, mfunza farasi wa kaskazini ya Uingereza. Kwa Humber chakula ni kibaya, malazi ni ya baridi kali, na mkongojo wa tajiri huwafikia wafanyakazi migongoni. Mwanzoni msomaji anadhani haya ni mandhari tu, yale mateso ambayo mashujaa wa Francis hawakosi kupewa. Kisha anagundua kwamba ukatili huu una kazi. Masaisi wananyanyaswa ili waondoke. Hawatakiwi kukaa muda wa kutosha kuona kinachofanyika kwa farasi mmoja mmoja, wala kuunganisha walichokiona mwezi huu na kilichotokea mwezi uliopita.

Na ni nani wanaoachwa wakae? Mmoja hasikii vizuri. Mwingine ni mlevi. Wa tatu, Jerry, ni kijana mwenye upungufu wa akili, mpole, anayependa vitabu vya katuni. Humber na mshirika wake Paul Adams wamechuja wafanyakazi kwa kigezo cha ushahidi: abaki yule ambaye hata akiona, hataweza kuwa shahidi. Sijakutana na riwaya nyingine ya taharuki iliyoeleza kwa uwazi kiasi hiki kwamba ajira mbovu inaweza kuwa chombo cha kuficha uhalifu. Kwa kawaida riwaya za aina hii hutuonyesha shahidi akiuawa. Hapa shahidi anazuiwa asizaliwe.

Hata hivyo Jerry anajua mengi. Anasema anachokiona, kwa maneno yake, bila ya kujua thamani yake, na katika banda zima ni Roke peke yake anayekaa naye na kumsikiliza. Uchunguzi wote wa kifo cha Stapleton unategemea zaidi subira hii kuliko werevu.

Filimbi

Siri yenyewe naomba niieleze, maana hoja yangu haisimami bila yake; ambaye hajaisoma riwaya na anapenda taharuki yake aruke aya hii. Humber na Adams hawawatilii farasi dawa. Wanampuliza farasi filimbi ya mbwa, ile yenye sauti ya juu mno isiyosikika na sikio la binadamu, kisha wanamrushia moto. Wanarudia hadi mnyama aunganishe sauti na maumivu. Baadaye farasi anauzwa au kurudishwa, anapita mikononi mwa watu wengine, na miezi kadhaa ikiisha anakimbia katika mbio. Karibu na mwisho filimbi inapulizwa. Umati hausikii kitu. Farasi anasikia moto. Anakimbia kwa hofu ya kufa, anashinda, na mwilini mwake hakukutwi kitu isipokuwa kile ambacho mwili wenyewe umekitoa kwa woga.

Hii ni hila nzuri ya msuko, lakini ni zaidi ya hapo. Uwanja mzima umejaa watu wenye masikio: wasimamizi, waandishi wa habari, mabwana wenye darubini. Ushahidi unapita juu ya vichwa vyao kwa sauti. Wanaousikia ni wanyama, na wanaoishi na wanyama hao ni masaisi, ambao hakuna anayewauliza. Mtunzi haufafanui mlinganisho huu popote, na amefanya vyema.

Asiyeaminiwa

Riwaya inalijaribu swali lake mara mbili, na kila mara Roke anashindwa. Mara ya kwanza ni pale Patty, binti mdogo wa October, anapomtaka saisi huyu mpya naye anakataa. Binti anakwenda kwa baba yake na kumsingizia kwamba alimshambulia. October anajua Roke ni nani. Alikwenda mwenyewe kumchukua. Hata hivyo anamwamini binti na kumfukuza Roke kwa hasira ambayo si ya kuigiza. Baba kumwamini binti yake katika jambo la namna hiyo si kosa, na mtunzi anajua hivyo. Lakini jinsi riwaya ilivyoiweka hali yenyewe inatuambia jambo jingine: miezi michache ya mavazi na lafudhi imetosha kumsahaulisha hata aliyeiandaa michezo hiyo.

Mara ya pili ni karibu na mwisho. Roke amemwokoa Elinor, binti mkubwa wa October, ambaye Adams alitaka kumuua, na katika mapambano hayo Adams amekufa. Polisi wanamkuta saisi, maiti ya tajiri, na binti wa lodi aliyelewa dawa. Wakubwa wanaoweza kumthibitisha hawapatikani kwa haraka. Roke anaeleza kila kitu kwa utaratibu, na maelezo yake ni ya kweli tupu, na kwa sababu hiyo hasa yanasikika kama uongo wa mtu aliyekata tamaa. Anakaa rumande akingoja mtu mwenye cheo aje aseme yaleyale aliyokwisha kuyasema yeye.

Hapo ndipo ninapokuwa na ugomvi na mtunzi. Amethibitisha kwa kurasa nyingi kwamba neno la saisi halina uzito. Kisha anatatua tatizo kwa kuthibitisha kwamba huyu hakuwa saisi. Beckett anazungumza, milango inafunguliwa, Roke anarudishiwa suti yake, na hatimaye anapewa nafasi ya kuendelea na kazi ya siri kwa niaba ya serikali. Haki imetendeka kwa sababu muungwana ametambuliwa na waungwana wenzake. Hata Elinor anaanza kumshuku mapema kwa dalili ya elimu: saisi huyu anajua mambo ya vitabu ambayo saisi hapaswi kuyajua. Kwa maneno mengine, mwanamke pekee anayeona utu wake anauona kupitia vitabu. Jerry asiyesoma hana dalili kama hiyo ya kuonyesha. Laiti mtunzi angemweka rumande saisi wa kweli, riwaya ingekuwa kubwa zaidi, na pengine isingechapishwa katika safu ya vitabu vya burudani.

Wanawake wa riwaya wanastahili makala yao wenyewe. Niseme tu kwamba Patty ameumbwa ili asingizie na Elinor ameumbwa ili aokolewe, na kwamba mtunzi anayejua hivyo jinsi mfanyakazi anavyonyimwa imani hakujiuliza ni mara ngapi wasichana hunyimwa imani hiyohiyo.

Kwa upande wetu tunaweza kulinganisha kidogo. Bwana Msa wa Abdulla huingia nyumba za watu kwa heshima, akijulikana kuwa ni mtafiti wa mambo; lugha yake ni ya muungwana na ndiyo inayomfungulia milango. Willy Gamba wa Elvis Musiba hujificha kwa kupanda juu: hoteli, mavazi ya gharama, fedha. Katika riwaya za Kiswahili nilizozisoma ni nadra kumwona mpelelezi anayeshuka tabaka na kubaki huko hadi aanze kuumia. Sidhani kuwa ni upungufu wa watunzi wetu. Tanzia hii ya Francis inahitaji jamii ambayo tabaka husikika katika irabu moja.

Mtihani wa mfasiri

Je, kwetu tabaka husikika wapi? Mfasiri wa For Kicks lazima alijibu hili kabla ya sura ya tatu. Anwani yenyewe itamsumbua mwanzo: kwa Kiingereza ina maana ya kufanya jambo kwa ajili ya msisimko tu, na ndani yake kuna pia mateke ya farasi. Kiswahili kina teke na kina raha, ila havikutani katika neno moja. Vijana wa Tanzania tayari wamelichukua neno hilo la Kiingereza na kulifanya kiki, lakini kiki yao ni ya kutafuta umaarufu, nayo ingempeleka Paul Adams kwenye magazeti ya udaku badala ya kwenye ukatili wake.

Ugumu mkubwa zaidi ni lafudhi. Tangu mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipoichagua Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, tofauti zetu za matamshi zimeeleza mahali zaidi ya tabaka. Mfasiri akimpa Roke lafudhi ya Mvita au ya Lubumbashi, msomaji atauliza ametoka wapi. Hataona kwamba ameshuka. Akimpa Sheng, atakuwa amemhamishia Nairobi ya vijana wa leo, na ubaridi wa kaskazini ya Uingereza utayeyuka palepale. Akiwapa wote Kiswahili sanifu, kama ambavyo wafasiri wetu wengi hufanya kwa usalama, atakuwa amemvua Roke vazi lake pekee, na kisa kizima kitakuwa hakina maana: mtu anayesema sawasawa na October atajifichaje mbele ya October?

Maoni yangu ni kwamba jibu halimo katika matamshi. Limo katika namna ya kuitana na katika haki ya kumaliza sentensi. Kwa Kiswahili chetu anayeitwa “we” na kujibu “naam, bwana” ameshawekwa mahali pake bila ya irabu hata moja kupinda. Anayeamriwa kwa kitenzi kitupu, bila ya “tafadhali” wala jina, ameshawekwa. Anayekatizwa kila anapofungua kinywa ameshawekwa. Mfasiri amwache Roke aseme Kiswahili kinachoeleweka Bujumbura hadi Lamu, ila amnyime jina, amnyime maswali, ampe majibu ya neno moja. Na katika masimulizi amrudishie sentensi zake ndefu. Msomaji ataisikia tofauti. Maamkio nayo yatumiwe kwa uangalifu. Shikamoo huheshimu umri, na masaisi wengi wa riwaya hii hawatofautiani kwa umri na wanaowadharau. Kumfanya kijana amwamkie Patty shikamoo kungekuwa kichekesho, na kumfanya amwamkie Humber hivyo kungempa Humber heshima ya mzee ambayo mtunzi amemnyima.

Washauri wa sera watauliza hili linawafaa nini. Miaka ya karibuni imekuwa ya ushindi kwa Kiswahili rasmi. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017; Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili kiwe lugha ya mahakama; Baraza la Mawaziri la Uganda lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Katika mijadala ya hatua hizi tumezungumza sana juu ya istilahi za sheria, na inafaa. Tumezungumza kidogo mno juu ya shahidi. Mchukuzi wa mizigo au mtumishi wa ndani anayesimama kizimbani na Kiswahili cha Buyenzi, au cha sokoni Goma, atasemezwa kwa lugha inayoitwa yake na huenda asitambuliwe ndani yake. Atajibu kwa neno moja. Atakatizwa. Karani ataandika sanifu ambayo shahidi hakuitamka, na kilichoandikwa ndicho kitakachosomwa na hakimu wa rufaa. Mafunzo ya makarani na wakalimani kuhusu lahaja na vilugha vya Kiswahili ni jambo la gharama ndogo kuliko kamusi, na halijapewa nafasi ambayo kamusi zimepewa.

Nikirudi kwa mfasiri, nimejaribu kufasiri mazungumzo machache ya Jerry, na hayo ndiyo magumu kuliko yote. Kishawishi ni kumfanya aseme kama mtoto, au kumharibia upatanisho wa ngeli ili aonekane mpungufu. Ngeli zilizovurugwa, katika masikio yetu, ni alama ya mgeni na mara nyingi ni alama ya dhihaka. Zingemfanya Jerry awe kituko. Nimempa sentensi fupi zilizo sahihi kabisa, zenye kutaja kitu kimoja kwa wakati mmoja: farasi, mguu, moto. Nimeziacha bila viunganishi. Kuziunganisha ni kazi ya Roke, kitandani usiku, na ya msomaji.